Siku Tano na Baba: Kutoka Nairobi hadi Kilindini

Siku ya kwanza, Jumatano

Kwa zaidi ya miaka thelathini baba yangu aliendesha treni za mizigo kwenda Mombasa, na Mombasa yenyewe hakuijua. Nilikuja kulitambua hilo tukiwa mezani, mwanangu alipomwuliza, "Babu, Fort Jesus ndani kukoje?" Baba akaweka kijiko chini. "Sijawahi kuingia, mjukuu wangu. Tulikuwa tukifika tunakabidhi injini, tunaoga, tunalala. Saa kumi na mbili zikiisha tunaitwa tena."

Maneno hayo hayakunitoka. Mimi nimeshuka Mombasa mara nyingi, kwa harusi, kwa likizo, kwa semina za walimu. Mzee aliyenilipia karo kwa safari zile hajawahi hata kukaa barazani akanywa kahawa. Ana miaka sabini na minane. Nikakata tiketi.

Binamu yangu anayeendesha gari la watalii huko Mombasa alinisihi tusije wiki hii. Ijumaa inaingia meli kubwa ya watalii, alisema, na Mji wa Kale utafurika watu. Nilipomweleza Baba, uso ulimchangamka. "Basi twende wiki hiyohiyo. Meli nimeziona zimefungwa gatini tu. Sijawahi kuiona ikiingia."

Lakini kabla ya pwani alitaka kupita kazini, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo leo tumeshinda Makumbusho ya Reli, pale karibu na stesheni kuu ya Nairobi. Injini aliyoitaka ipo: namba 5918, Mount Gelai. Injini za daraja hilo la 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na injini ya mvuke iliyozizidi kwa ukubwa.

Baba alianza kazi juu ya injini za namna hii, kijana aliyetoka Butere, magharibi mwa Kenya, akiwa msaidizi wa dereva anayelinda moto. Nilimshika mkono akipanda ngazi. Mle ndani alinyamaza kidogo, kisha akaanza kugusa kimoja kimoja: hii ya mafuta, hii ya maji, hii breki, hapa ndipo unapoegemea mguu usije ukaungua. Vidole vyake vilijua njia kuliko macho. Wanafunzi waliokuwa na mwalimu wao walisogea, wakamsikiliza hadi walipoitwa mara ya tatu.

Tulipita pia kwenye behewa namba 12. Mwezi Juni 1900, Charles Ryall, ofisa wa polisi, alilala humo katika stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akishambulia watu wa reli. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamtoa kwa dirishani. Mwanangu aliposimuliwa usiku huu aliomba taa isizimwe.

Wakazi wa Nairobi tunasahau upesi kwamba mji huu ni mtoto wa Mombasa. Mwezi Mei 1899 reli ilipofika hapa palikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi. Kila msumari na kila bati la nyumba za kwanza lilipandishwa kutoka baharini. Kesho tunaifuata njia hiyo kwa kuirudi.

Siku ya pili, Alhamisi

Tumepanda treni ya mjini alfajiri kutoka stesheni kuu hadi Syokimau, inakoanzia treni ya Mombasa. Pale mizigo yote hupangwa chini mstari mmoja, wenyewe mkasimama kando, mbwa wa polisi wakapita wakinusa. Baba aliupanga mkoba wake sambamba kabisa na ya wenzake. Tiketi ni shilingi 1,500 kila mmoja, daraja la kawaida, treni ya saa mbili asubuhi inayosimama njiani. Iko ya haraka zaidi, lakini tulitaka hii.

Ilipong'oka, Baba alitazama saa yake. Saa mbili kamili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya muda akaniegemea: "Sikiliza. Husikii kitu." Sikumwelewa. "Maungio," akasema. Reli ya zamani ilikuwa vipande vilivyofungwa kwa bolti, na magurudumu yakipita kila kiungo yanagonga, taka-tak, taka-tak. Kwa mlio huo dereva alijua mwendo wake hata gizani. Reli hii mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 imeunganishwa kwa kuchomelewa, nayo huteleza kimya. Alisikiliza kile kimya hadi Emali.

Kibwezi mibuyu ilianza. Mtito Andei, karibu na katikati ya safari, akanionyesha reli ya zamani ikiwa chini yetu, nyembamba, majani yameingia kati ya mataruma. Pale ndipo walipokuwa wakipata chai ya mkebe, alisema, na mkate uliokauka kwa joto la injini.

Tsavo tuliona tembo, wekundu kwa udongo wa kwao, wawili wakubwa na mtoto. Behewa zima likahamia upande mmoja. Kijana mmoja akaanza kuwasimulia wenzake habari za simba wawili wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa daraja mwaka 1898, hadi Patterson, mhandisi wa daraja hilo, alipowaua mwezi Desemba mwaka huohuo. Leo wako katika jumba la makumbusho kule Chicago. Aliisimulia vizuri. Baba alimwacha amalize, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, na wale wafanyakazi wataje." Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya reli ile, na karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi na ajali. "Simba waliua wachache. Reli iliua wengi zaidi, na hakuna anayewatengenezea hadithi." Kijana alikaa kimya, kisha akauliza walizikwa wapi. Mazungumzo yao yalifika Voi na kuipita.

Mariakani, minazi. Saa nane tulishuka Miritini, stesheni ya mwisho, katika joto la kaskazi, lile linalokushika shingoni mara tu mlango ukifunguliwa. Binamu yangu alikuwa anatungoja, akamwamkia Baba, akamvua koti bila kuuliza.

Tulipofika Changamwe, Baba aliomba gari lipunguze mwendo. Alitazama yadi ya reli, makontena, kreni za bandari kwa mbali. Tukaingia kisiwani kwa daraja la Makupa. "Hapa," akasema. "Mombasa yangu mimi ilikuwa mpaka hapa na stesheni." Binamu yangu akajibu, "Basi mjomba, kuanzia hapa yote ni mpya." Alitupitisha Moi Avenue chini ya Mapembe, yale ya bati yanayokutana juu ya barabara yakaunda herufi M. Baba aligeuka nyuma kuyatazama mpaka yakapotea.

Siku ya tatu, Ijumaa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumekaa ukutani kwenye bustani ya Mama Ngina, mibuyu nyuma yetu, bahari mbele bado nyeusi. Upepo wa kaskazi ulikuwa mwanana. Wazee wawili wa hapa walikuwa wakinyoosha viungo, wakatusalimia, wakasogea watupishe.

Kwanza ilikuwa taa tu. Kisha taa nyingi, kama mtaa umeng'oka Likoni, ng'ambo ya maji, ukaanza kutembea. Rubani wa bandari huipanda meli huko nje baharini, maana mlango huu ni mwembamba na una miamba pande zote. Meli ndogo za kuvuta, ambazo watu wa bandari huziita tagi, zikaipokea. Feri za Likoni zilisimama kando na watu wao wa asubuhi, zikaiachia njia. Ikatupita karibu mno, nyeupe, juu hata shingo iliuma. Baba alihesabu ghorofa kumi na mbili. Watu walikuwa wamejipanga kwenye reli za sitaha wakiwa na vikombe mikononi. Baba akainua mkono. Mtu mmoja akainua wake, kisha wa pili, kisha safu nzima. Alibaki ameuinua hadi meli ilipokunja kwenda gatini.

"Sasa naelewa kwa nini bandari hii iliitwa Kilindini," alisema. Kilindi ni maji ya kina. Miaka yote ile aliandika jina hilo kwenye karatasi za safari, hakuwahi kulifikiria kama neno.

Binamu yangu alituacha hapo akakimbilia bandarini. Abiria wana saa tisa tu nchi kavu, alitueleza. Wako watakaokimbizwa Tsavo Mashariki wakarudi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, wako wa Haller Park, na wako wa Fort Jesus na Mji wa Kale. Saa tisa. Nilimwona Baba akipiga hesabu. "Mimi nilikuwa na kumi na mbili," akasema, "lakini mtu aliyetoka kuendesha usiku kucha haoni mji. Anaona kitanda."

Tukala mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja karibu na Fort Jesus. Sitayaeleza mahamri yale. Baba aliongeza mara mbili.

Fort Jesus sasa. Wareno waliianza mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyeichora kwa umbo la mtu: kichwa, mikono, miguu. Ukiwa ndani huoni mtu, unaona ukuta. Mzee mwenyeji anayetembeza wageni, Mmvita, yaani Mswahili wa Mombasa, mwenye sauti ya chini, ndiye aliyetuonyesha, akimshika Baba kiwiko kwenye kila kizingiti. "Ndoo huku, mzee mwenzangu. Hapa pana kivuli."

Alitusimulia habari za Yusuf bin Hasan kama mtu anayesimulia jirani yake. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, Wareno walimchukua akiwa mdogo wakamlea Goa, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 alimwua kamanda wa ngome na kuitwaa. Wareno walikuja na merikebu kuikomboa wakashindwa, naye baadaye akaondoka mwenyewe. Baba aliuliza, "Alikuwa na umri gani walipomchukua?" Mzee akajibu kwamba alikuwa mtoto mdogo, asiyepindukia miaka minane. Baba hakusema kitu, lakini tuliposogea mbele alirudi tena kulitaja jina lile, akilijaribu mdomoni: Chingulia.

Kisha Waomani wakaizingira ngome, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Merikebu ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome hii hii, na wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Vyombo vyake vimo ndani ya makumbusho, mitungi na sahani, vimelowana miaka karibu mia tatu na bado vinatamanika. Nilichokipenda kuliko vyote ni michoro ambayo askari wa Kireno walichora ukutani: merikebu, makanisa, samaki. Watu waliochoka, wakichora kwao.

Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela. Kwa hiyo Baba alipozaliwa, humu walifungiwa watu. Nilihisi ni jambo la kusimama kidogo, tukasimama.

Ndipo kundi la watalii wa meli likaingia, watu arobaini hivi, kofia pana, vibandiko vya namba vifuani. Kiongozi wao alijitahidi sana, alisema kwa moyo, lakini dakika zake zilikuwa zimehesabiwa na aliyempangia. Bibi mmoja mwenye fimbo aliachwa nyuma, akaja kukaa kwenye benchi letu. Aliniuliza kama Baba ni mwenyeji. Nikamfasiria. Baba akafikiri, akasema, "Mwambie nimefika leo, kama yeye. Lakini nimekuwa njiani tangu 1967." Bibi yule aliposikia alimshika mkono, akamwonyesha saa yake: zimebaki dakika kumi na tano. Baba naye akamwonyesha yake. Walikaa hivyo, wakitazama bahari kupitia tundu la mzinga, mpaka alipoitwa.

Kama kuna jambo ninaloliombea mji huu, ni watu kama bibi yule kupewa muda. Ukiwa na saa tisa, usiende kila mahali. Acha mbuga. Acha gari. Tembea Mji wa Kale kwa miguu, asubuhi kabla jua halijakaza, na mwenyeji anayelipwa ujira wa haki, na ukae barazani watu wakuone na wewe uwaone.

Sisi tulikuwa na muda. Tulishuka Ndia Kuu baada ya makundi kupita. "Nyinyi mwasema njia, sisi twasema ndia," mzee wetu akamweleza Baba, na Baba akafurahi kujua kwamba jina la barabara limehifadhi lahaja ya watu wake. Milango ya nakshi, mingine imepakwa mafuta ikang'aa, mingine imepasuka na kufungwa kwa waya. Hili la pili linaumiza, maana mlango ukipotea haurudi. Juu, roshani za mbao zinazotupa kivuli kwenye kichochoro. Msikiti wa Mandhry, uliojengwa karibu mwaka 1570, una mnara mnene unaopungua kwenda juu, na kisima chake kiko ng'ambo ya njia. Tulisimama nje, watu walikuwa wanajiandaa kwa sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe zikipita mbili mbili, kila mtu akimwamkia Baba. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Aliitikia zaidi ya mara ishirini, na kila mara aligusa kofia yake.

Bandari ya Kale tulikuta majahazi machache tu. Mzee wetu anakumbuka utotoni mwake majahazi ya kaskazi yakitoka Arabuni na Ghuba, Desemba hadi Machi, na tende na samaki wakavu, kisha kurudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko. Baba alimwuliza maswali ya mtu wa kazi: tani ngapi, nani alipakia, walilala wapi. Hapo nilielewa kwamba hawa wawili walifanya kazi moja. Mmoja alipokea mzigo wa bahari, mwingine akaupandisha bara.

Adhuhuri, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alasiri, kahawa chungu kutoka kwenye dele la shaba, na haluwa. Muuzaji aligonganisha vikombe kama wafanyavyo, Baba akainua kichwa ghafla. "Taka-tak," akasema.

Jioni tulirudi Mama Ngina, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na meli ikatoka. Ililia mara moja. Nilitafuta fimbo ya bibi yule kwenye sitaha, nikashindwa kuipata. Baba aliinua mkono tena.

Siku ya nne, Jumamosi

Miguu ya Baba ilivimba kidogo, kwa hiyo tumekwenda kwa gari. Tulivuka daraja la Nyali hadi Kengeleni, ilipo kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ilipigwa kuonya watu, na mtaa mzima ukachukua jina lake. Matatu zinapita hapo mchana kutwa zikiita "Kengeleni! Kengeleni!"

Haller Park ilinishangaza. Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jeupe, tupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ikakubali kuota mahali palipokataa karibu kila kitu. Majani yake yalikuwa hayaozi, hadi walipoletwa majongoo, wakayala na kuyafanya udongo. Baba alichota udongo ule akaunusa. Kwa mwili mzima alikuwa kijana wa Butere tena.

Mchana Marikiti kwa pilipili manga na iliki, kisha Biashara Street. Baba alimchagulia mama yangu leso mwenyewe, alisoma maandishi ya kila doti dukani bila haraka, mwenye duka akizitandaza moja baada ya nyingine na kumwita babu. Aliyoichukua imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Treni ya usiku, saa nne kamili. Alilala kabla ya Mariakani.

Siku ya tano, Jumapili

Tulifika Syokimau kabla ya alfajiri, baridi ya Nairobi ikatupokea, Baba akadai koti lake.

Kila Jumapili alasiri wazee wa reli hukutana Makadara, hapa Nairobi, wasiopungua sita, chini ya mti, wakicheza drafti. Leo nilimsindikiza kwa sababu ya miguu. Alikuwa na pakiti za mabuyu na kashata, akagawa kabla ya kuketi. Wakamsubiri acheze. Hakugusa drafti. Alianza na meli, jinsi ilivyozijaza nafasi zote kati ya Likoni na Mama Ngina, akaendelea na Chingulia, na yule mzee wa Ndia Kuu, na majahazi. Aliongea saa nzima. Hapakuwa na aliyemkatiza, na hawa ni watu wanaokatizana.

Alipomaliza, mmoja wao, aliyekuwa gadi wa treni kwa miaka ishirini na sita, aliendelea kutafuna buyu lake akitazama upande wa reli. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "hiyo tiketi ulikata vipi?"

Nikatoa simu, nikasogea karibu naye ili aione.